Siku Niliyofuta Ukoo wa Wakwe Zangu

Naona aibu kuisema habari hii, lakini naona hasira zaidi kuisikia inavyosemwa na watu ambao hawakuwapo, maana juzi tu pale Igoma nimemsikia mtu nisiyemjua akisimulia eti kuna Mjita mmoja wa Pasiansi aliwachoma moto mababu wa wakwe zake, kompyuta ikalipuka, wazee wakatoka mbio. Hakuna kilicholipuka. Hakuna aliyekimbia (ningeshukuru sana kama wangekimbia). Huyo Mjita ni mimi, Magesa, na kwa kuwa jina limeshachafuka, bora nilichafue mwenyewe kwa usahihi.

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao mpaka vijijini, ushirika ukayumba na sisi makarani tukaambiwa twende tukapumzike. Mimi sikupumzika. Nikajifunza kompyuta, nikafungua ofisi ya kupiga chapa katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyechapa, kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na mimi nilikuwa, tuseme, mtaalamu. Ofisini palikuwa na kompyuta mbili, na ya tatu nikaiweka sebuleni karibu na friji, nikaiunganisha na zile mbili kwa waya niliopitisha kwenye tundu la ukuta, ili kila kazi inayochapwa ihifadhiwe humo. Nikaiita ghala. Wageni wakija kwetu sikuwatolea albamu ya harusi, niliwaonyesha ghala.

Sasa baba mkwe, Mzee Masanja wa Magu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameandika ukoo wao wote katika madaftari tisa: nani alimzaa nani, nani alihama na ng'ombe wake kwenda wapi, nani amezikwa wapi. Alizunguka miaka kwa baiskeli akiuliza. Upande wa kina mama hakuujua, huo alitajiwa na dada yake, shangazi Minza, mpaka daftari zima likajaa, na shangazi akafariki mwaka huohuo. Macho ya mzee nayo yakaanza kuingia ukungu, akasema anataka kitabu kilichochapwa, ili hata asipoona, wajukuu wamsomee.

Mama Neema akachapa miezi minne, katikati ya kadi za harusi na barua za watu. Na kila daftari lilipoisha, mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, nililichukua nikampa jirani yetu muuza karanga achane kurasa afungie biashara yake. Mke wangu aliguna. Nikamwambia karatasi inaliwa na mchwa, ghala haliliwi na kitu. Kwa hiyo watu wa Pasiansi walikula karanga kutoka ndani ya mababu wa watu, na mimi mwenyewe nilinunua.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi. Baba mkwe na wazee watano wa ukoo walikuja kutoka Magu kuchukua kitabu, kwa sababu Jumapili yake ukoo wote ulikuwa unakutana kwa mzee. Shikamoo zikapita, chai ikamiminwa, printa ikaanza kulia, ikatoa kurasa nne za dibaji, ikagoma. Ghala lilikuwa limejaa. Sikushtuka, maana nilijiandaa: nilikuwa nimenunua kwa fundi redio mmoja diski ya pili, ya mtumba, ya kuongeza nafasi. Kazi ya nusu saa.

Mama Neema akasimama mlangoni, akasema kwa upole kabisa nisisahau kunakili kitabu kwenye flopi, vile visahani vya kuhifadhia kazi, kabla sijafungua mashine. Flopi moja ingetosha. Zilikuwapo kumi mezani, mpya, kwenye boksi lao. Lakini wazee walikuwa wamesikia, na mimi nikaona nimesemwa mbele ya wakwe kama mtu asiyejua kazi yake, nikajibu kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Mwenye ghala haweki mahindi mfukoni." Wazee wakacheka, mmoja akapiga goti lake kwa kufurahi. Basi huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, mengine yote yalikuja yenyewe.

Nikafungua skrubu, nikaweka diski mpya pembeni ya ile ya zamani, nikawasha. Hapa nivumilieni kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoonewa. Diski yetu ya zamani niliigawa vyumba viwili: C, yenye mambo ya mashine yenyewe, na D, ambamo ndimo ilimokuwa kazi yetu yote, na kitabu cha mzee ndani yake. Mtu yeyote mwenye busara angejua kwamba diski mpya ikiingia itaitwa E, maana imekuja mwisho. Sivyo. Mashine ile, bila kuniuliza mimi mwenye nyumba, ilimpa mgeni jina la D, na D yetu ikaisukuma ikawa E. Nimekuja kuelezwa baadaye na wanaojua kwamba ndivyo zilivyoundwa. Nani aliyeziunda hivyo, na alitaka nini kwangu, hawakunieleza. Kinachoniuma ni kwamba hiyo ni desturi yetu kabisa, mgeni akija anapewa kitanda na mwenyeji analala kwenye mkeka. Chuma kilichotoka ng'ambo kikafuata desturi, na mimi niliyelelewa nayo nikadhani mgeni yuko mkekani.

Diski ya mtumba ina mambo ya mwenyewe wa kwanza, lazima uifute. Nikawa nawaeleza wazee kila hatua, nimevuta kiti, mguu juu ya mguu. "Hapa nafuta takataka," nikasema, nikaiamuru mashine ifute E. Ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Ikauliza mara moja. Ukienda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba barua ya utambulisho unaulizwa mara saba, na anakujua tangu utotoni. Nikabonyeza ndiyo. Kisha, ili kupunguza mzigo, nikahamisha vitu vyote vya ovyo kutoka C nikavimwaga kwenye E mpaka ikajaa (baadaye nikaambiwa kwamba kama ningefuta tu nikatulia, huenda kitabu kingefukuliwa, ila kwa kumwaga vitu juu yake nilikuwa nimekizika na kushindilia udongo).

Nikamwambia Mama Neema aliyekuwa ofisini afungue D achape. Akajibu kutoka kule, "Baba Neema, mafaili haya si yangu." Nikamwambia achape la kwanza. Akasema tena hayajui. Nikamwambia, mbele ya baba yake mzazi, kwamba mimi ndiye ninayejua kilichomo.

Printa ikalia. Karatasi ikatoka, nikampelekea kwa mikono miwili Mzee Ndaki, katekista, mmoja wa wale watano, ambaye macho yake yalikuwa bado mazima. Wazee wakavua kofia. Mzee Ndaki akasimama, akavaa miwani, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya kanisani, taratibu, "Sangara, wakubwa, kilo mia mbili na kumi. Sangara, wa kati, kilo tisini na nne. Sangara, walioharibika, kilo kumi na mbili."

Diski ile ilitoka katika kiwanda cha minofu ya samaki. Hilo fundi hakulisema na mimi sikuuliza.

Mzee Ndaki aliishusha karatasi, akanitazama juu ya miwani. "Mkwe," akasema, "najua ninyi Wajita ni watu wa samaki. Lakini sisi ni watu wa ng'ombe. Hawa sangara wameingia lini kwenye ukoo?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nakimbilia kibodi. Nikafungua D, samaki. Nikafungua E, nikakuta vile vitu vya ovyo nilivyovimwaga mwenyewe. Nikazima, nikawasha, nikafungua tena. Kicheko kikaisha kidogokidogo, mzee mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki sauti ya friji.

Baba mkwe hakuwa anaona vizuri, lakini alisikia. Akauliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kimefutika. Akauliza nani amekifuta. Nikasema mashine. Akasema, bila ukali wowote, kwamba si neno, nilete madaftari, kazi itaanza upya.

Nilimtazama mke wangu. Naye alikuwa amekuja mlangoni, akanitazama, na nikajua hili hatanijibia. Basi nikasema ukweli, habari ya karanga, yote. Hakuna aliyecheka.

"La Minza pia?" mzee akauliza.

"La Minza pia, baba."

Waliondoka bila kula. Wali na kuku tulivyoandaa viligawiwa majirani, na Jumapili ukoo mzima wa watu ulikutana Magu kusoma kurasa nne za dibaji. Kuanzia hapo, kila Jumamosi kwa mwaka mzima, nilikwenda Magu na kalamu, nikakaa kwenye kigoda, mzee akataja na mimi nikaandika kwa mkono. Wanaume wote aliwakumbuka. Tukifika kwa mama zao ananyamaza, nami nasubiri, kisha anasema tuendelee.

Kitabu kilipokuwa tayari kuchapwa, akaniamuru niongeze ukurasa mmoja, nichape mimi mwenyewe kwa vidole vyangu viwili: "Hapa palikuwa na majina ya mama zetu, yaliyotajwa na Minza. Yamepotea mikononi mwa mkwe wetu Magesa, aliyeambiwa anakili akakataa." Nililalamika, jamani, nililalamika sana. Katika kitabu kile hakuna mkwe hata mmoja, hata waliotoa ng'ombe wengi kuliko mimi, halafu niingie mimi, na kwa kosa. Mzee akasema niandike. Nikaandika, nikanakili mara tatu, na tangu siku hiyo sijafuta hata barua ya mteja bila kumwita Mama Neema aje aone kwanza.

Ila kinyongo na ukurasa ule nilikuwa nacho mpaka mwaka jana, kwenye mkutano wa ukoo, zamu ya kusoma ilipompata binti yangu mdogo. Alisoma vizuri, bila kukwama, akafika hapo, akasoma na jina langu, akageuka.

"Babu, mama yake babu yako aliitwa nani?"

Mzee aliuelekeza uso wake kule sauti ilikotoka.

"Lilikuwa limeandikwa," akasema.

Mtoto akanigeukia mimi, akisubiri nimtajie.