Seva ya Nyuma ya Ukuta wa Watoto Njiti

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Bugarama, na nilirudi nyumbani nimejaa pumba hadi kwenye kope. Mkuu wa karakana, mzee wa Bukavu asiyecheka ovyo, alinifundisha kutanguliza sikio. "Mashine ikinyamaza, maman, imekufa. Kata umeme mbio." Mota iliyokwama huungua ikiachiwa umeme, kwa hiyo mkono wangu ulizoea kwenda kwenye swichi mara tu kelele ilipokatika.

Baadaye nilihamia hospitali, kutunza kompyuta. Seva, enyi vijana, ni kompyuta inayozihudumia nyingine zote, na yetu ilihifadhi picha za eksirei. Feni zake zilikuwa ndogo, zikizunguka kwa hasira kupambana na joto la tambarare ya Bugarama, na zilivuma kupita kiasi. Chumba pekee chenye umeme wa kuaminika kilipakana na wodi ya watoto njiti. Mama mmoja alinishika mkono koridoni, machozi yakimlengalenga.

"Maman, hii kitu inalia muchana na usiku. Mutoto wangu anashtuka, anaacha kunyonya."

Niliona aibu.

Daktari mkurugenzi akaniita. "Ile seva inatoka kesho."

"Docteur, ikitoka, picha zitabebwa tena kwa mukono, na ya muntu moja itapewa mwingine. Munipe wiki mbili, nitengeneze ingine."

"Wiki mbili. Lakini nikisikia sauti yake kwa ule ukuta, inatoka, na sitaki maneno."

Nikaagiza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu mara kadhaa zaidi ya ile ya zamani, na diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Juu ya prosesa nikafunga mnara wa mapezi ya alumini, unaovuta joto lake, kisha feni tatu pana kama sahani za wali. Siri ya ukimya ndiyo hiyo: feni pana hupitisha hewa nyingi bila haraka. Polepole ndio mwendo, na feni zile zilikuwa zimeuelewa msemo huo kuliko watu wengi ninaowafahamu. Chini ya kasha nikaweka vipande vya tyubu ya pikipiki ili lisitikise meza, na mbele kitambaa cha kuzuia vumbi la pumba kutoka mashine za mpunga.

Siku ya kuiwasha, daktari mkurugenzi alisimama nyuma yangu. Nikabonyeza. Feni zikaguna kidogo, kisha kimya. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshachomoa waya. Nikawasha tena. Kimya. Nikachomoa tena.

Fundi wa eksirei akapaza sauti kutoka chumba chake. "Maman! Picha ilikuwa inakuja muzuri, nani anazimisha?"

Kumbe ilikuwa hai muda wote, na muuaji alikuwa mimi! Mara ya tatu niliukalia mkono wa kulia, nikaweka wa kushoto nyuma ya kasha. Hewa ya vuguvugu ilikuwa inatoka, taratibu, bila kukoma. Kwenye skrini kifua cha mtoto kilitokea papo hapo, kila ubavu mahali pake. Nguvu zote zile, za kubeba picha za hospitali nzima, na sikusikia hata mnong'ono. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya bosi.

Sasa nimestaafu, niko Nyakarenzo na maharagwe yangu. Vijana hunionyesha mashine zao zenye taa za rangi na kuniuliza kama nimewahi kuona nguvu namna ile. Huwa nawaambia kilichofuata siku ile ya kuiwasha seva. Daktari mkurugenzi alibandika sikio kwenye ukuta, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akainua kidole.

"Nasikia kitu."

Nikasogea, nikaweka sikio langu kando ya lake. Alikuwa mama upande wa pili, anambembeleza mwanawe kwa sauti ya chini kabisa.

"Iache," daktari akasema, na hakuondoa sikio.