Mama na Viatu vya Theluji Pwani ya Shatti

Enzi zetu, dishi la televisheni lilipoingia nyumbani kwetu mtaa wa Khuwair, huku Uarabuni, Mama aliligeuza daktari. Sisi tukitaka katuni, yeye anataka vipindi vya afya, na mimi niliyesoma Kiingereza skuli ndiye mfasiri wake.

Wakati huo daktari wa kweli alikuwa amemtia simanzi. Mama alikuwa na sukari, uzito na magoti yaliyomuuma kila akipanda ngazi, na nia yake ilikuwa moja tu: kwenda Hija akiwa bado anajitembelea kwa miguu yake mwenyewe. Daktari akamwambia asipoanza kutembea, aisahau safari. Mama alilia, kisha akachemsha chai ya maziwa na kuchoma mandazi. Ndivyo alivyokuwa, akihuzunika tunashiba sisi.

Basi jioni moja tukaona kwenye televisheni watu wa nchi za baridi wanatembea juu ya theluji, miguuni wamefunga vitu vipana ili wasizame. Nikamfasiria: kutembea hivyo kunautia moyo nguvu, kunakaza mapaja, kunapunguza mafuta, na kwa vile theluji ni laini, magoti hayaumii sana. Mama akasogea karibu na kioo.

"Kumbe nyungo hizo!" akasema. "Theluji hatuna, mchanga tunao. Nna nyungo zangu za Unguja, za nini tena?"

Ijumaa baada ya alfajiri tukateremka pwani ya Shatti. Baba alibaki garini na birika lake la kahawa, akijifanya hatujui. Mama na jirani yetu Bi Zuwena wakajifunga nyungo miguuni kwa vipande vya kanga, abaya wamezikunja kiunoni. Wakapiga hatua. Loo! Nyungo zikachota mchanga, wakawa kama wanapepeta pwani nzima. Bi Zuwena akamshika Mama, Mama akamshika Bi Zuwena, wote chali. Walicheka hadi machozi, na sisi tulicheka tukakosa nguvu za kuwainua. Hata Baba alishuka garini.

"Tupa nyungo, bibie," akamwambia. "Miguu si unayo?"

Mama akazivua, akatembea pekupeku. Mchanga ulikuwa baridi na laini, na magoti hayakulalamika. Tangu siku ile hakukosa. Wakaongezeka makhalati, dada zake Mama, na mashoga zake, kila mmoja na themosi yake ya chai na bajia za kula baadaye, maana walisema mazoezi bila bajia ni adhabu. Sukari ikatulia, ngazi zikawa rahisi, usingizi ukawa mtamu. Daktari alipomwambia sasa nenda, Mama alipiga vigelegele mle mle chumbani mwa huyo daktari, nami niliona haya na furaha kwa pamoja.

Alikwenda, akatufu kuizunguka Kaaba kwa miguu yake, akarudi na maji ya zamzam na visigino vimepasuka. Alivionyesha kwa kila mgeni.

Wanangu leo wana mashine ya kukimbilia sebuleni, nayo kazi yake ni kuanikia nguo. Mkononi wana saa inayowahesabia hatua zao, nao hushuka ghorofa moja kwa lifti. Nawapenda, lakini nazitamani asubuhi zile. Mama hakuhesabu hatua hata moja. Yeye alijua tu kwamba anakwenda Makka.