Mkono Uliofungua Bati

Sriyatun ni jirani yangu hapa Sidoarjo, Indonesia, ukuta kwa ukuta. Zamani hakuogopa hata nyoka. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Bosi Gunardi cha krupuk, vile vibanzi vikavu vya uduvi vya kukaanga, akilisha donge la unga na uduvi kati ya rola mbili za chuma.

Karibu na Idi oda zilifurika, na donge likawa linakwama kwenye bati la kinga lililofunika rola. Msimamizi wao, Parmin, akaja anafoka.

“Litoe hilo bati, dada! Watu wanataka krupuk, wewe unabembeleza mashine.”

Sriyatun akachukua bisibisi, akalifungua mwenyewe. Alasiri ile ile rola zikamvuta mkono wa kulia. Lasmi, mwenzake aliyekuwa akikata donge pembeni, ndiye aliyeruka kuzima umeme. Hospitalini wakamkata vidole vitatu.

Parmin alikwenda kumwona, amebeba machungwa, anatabasamu.

“Ukiulizwa, uliumia kwako, kwenye mashine ya kukunia nazi. Sawa? Bosi hajamwandikisha bima mtu yeyote, usimletee balaa. Na bati alilitoa nani? Mimi? Ukienda kushtaki, utafungwa wewe kwa kuharibu mashine.” Akamenya chungwa, akampa. “Karso bado anaendesha lori la bosi, siyo?”

Karso ni mumewe.

Sriyatun aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Pikipiki ikisimama nje, anakimbilia chumba cha nyuma. Nikiwasha blenda jikoni kwangu, namsikia ng’ambo ya ukuta akipiga ukelele. Aliamini kabisa kwamba polisi watakuja, kwa sababu bati alilifungua yeye. Karso naye alimwambia, “Tunyamaze tu, mama. Tutakula nini lori likiondoka?”

Ni Lasmi aliyemtikisa. Alipitia mlango wa uani, mimi nikiwepo.

“We Yatun, utakuwa panya mpaka lini? Niliona yote. Twende ofisi ya kazi ya serikali, nitasema.”

“Watakufukuza.”

“Na wanifukuze! Hiyo krupuk yenyewe inanitoka mpaka kwenye jasho.”

Tukacheka. Lalamiko likapelekwa, siku ya usuluhishi ikapangwa.

Siku hiyo Lasmi hakutokea. Tulikaa kwenye benchi la ofisi tukitazama mlango, na Sriyatun akaniomba mara mbili turudi nyumbani. Ndani, Bosi Gunardi alikaa na wakili wake, na Parmin nyuma yao. Msuluhishi alikuwa Bi Retnowati, mama mnene mwenye sauti ndogo.

Wakili akaanzia pale pale tulipopaogopa. “Mama aseme, kinga ya mashine iliondolewa na nani?”

Nilidhani atazimia. Akanyanyua mkono ule uliofungwa bendeji.

“Mimi. Parmin aliniamuru, lakini mkono uliofungua ni huu. Kama ni jela, nipelekeni, nimechoka kusubiri.”

Wakili akatabasamu. Bi Retnowati hakutabasamu.

“Jela ya nini, mama? Tulia.” Akamgeukia Gunardi. “Alipoumia alikuwa anafanya kazi yako?”

“Yangu ndiyo, lakini uzembe wake…”

“Hata angekuwa mzembe, fidia ya ajali ya kazini hainyimwi kwa hilo. Na kwa kuwa hukumwandikisha, yote ambayo bima ingelipa utayatoa wewe: matibabu, mshahara wa wakati anaugua, na fidia ya ulemavu.”

Sriyatun akanishika kanga nusura aichane. “Amesema sifungwi?” akaninong’oneza. Fidia hata hakuisikia.

Gunardi alilipa kwa kusuasua, baada ya kuitwa tena na tena. Mabati ya kinga yakarudishwa kwenye mashine zote, na wafanyakazi wakaandikishwa bima. Karso alinyang’anywa lori mara moja. Sasa anapakia matofali kwa mtu mwingine. Parmin bado ni msimamizi.

Lasmi alikaa muda mrefu akitukwepa, mpaka Sriyatun akamfuata kwake. Alimkuta anafua, hakuinua macho.

“Jana yake Parmin alikuja hapa,” Lasmi akasema. “Akawataja wanangu kwa majina, mmoja mmoja. Niliogopa, Yatun.”

“Hata mimi niliogopa. Mpaka leo.”

Kisha Sriyatun akachutama kando ya beseni, akaanza kumsaidia kukamua nguo kwa mkono wa kushoto.