Makaa Yasiyo na Moshi

Mosi wa kijiji cha Bigwa alichoma makaa tangu ujana wake, na watu walimjua kwa mambo mawili: kikohozi na ukimya. Wahunzi wa mjini walikuwa wateja wake wa wazi. Wateja wengine aliwapandia juu, katika bonde moja la Uluguru, kaya chache zilizokimbia kazi ya kulazimishwa kwenye reli ya Wadachi. Hawakuthubutu kuwasha kuni, kwa kuwa askari waliwasaka watoro kwa kufuata moshi. Makaa ya Mosi, yaliyoiva sawasawa, hayakutoa moshi.

"Kaka Mosi," Furaha, mama wa kaya ya kwanza, alizoea kumtania akimtua gunia, "wewe ndiye mume wa bonde zima. Usipokuja, hatuli."

"Mume gani huyu, kwake mwenyewe analala njaa?" Mosi hujibu, akikohoa. Kisha huapa tena kwamba hatawataja kwa mtu yeyote.

Masika ya mwaka ule mvua haikukatika. Asubuhi moja Mosi aliinua macho akaona mlima umemeguka. Alipanda akihema. Nyumba za bondeni zilikuwa zimefukiwa, na chini ya tope alisikia sauti ya Furaha ikiita. Alifukua kwa mikono, tope likarudi palepale. Vijana wa Bigwa walikuwa wamechukuliwa wote kwenda relini. Wenye watu na majembe walikuwa Bomani tu, kwenye ofisi ya Wadachi, naye akashuka huko.

Akida, aliyetawala eneo kwa niaba ya Wadachi, alimtazama miguu iliyojaa udongo. "Kule juu? Kule hakuna mtu."

"Wamo, Bwana Akida."

"Umejuaje?"

"Nawauzia makaa."

Akida akacheka. "Kumbe! Na sisi tumekaza macho kutafuta moshi!"

Mosi aliomba watu wafukuliwe upesi, na wanaume wao wasiguswe. La kwanza Akida alilikubali. La pili alilinyamazia, na Mosi, aliyechoka hata kusimama, hakulirudia.

Waliokuwa hai walitolewa, Furaha miongoni mwao. Wanaume walifungwa kamba wakashushwa relini, tope likiwa bado masikioni mwao. Furaha alimpita Mosi bila kumwita kaka.

Mvua ilipokatika, Mosi alijitwika gunia akapanda kama desturi yake. Kwenye kona ya mwisho alisimama. Moshi wa kuni, mzito, ulipaa wazi kutoka kila kibanda kipya cha wanawake waliobaki.

Alitua gunia, akalikalia, akakohoa kwa kitambo. Kisha akajitwika tena, akashuka nalo.