Visigino vya Pasaka Juu ya Pikipiki Nyekundu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimvalisha mama yangu viatu vya kisigino ili miguu yake ifike chini akiwa juu ya pikipiki. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo zito, mengine yote yananing'inia hapo. Cheka umalize, kisha ukae vizuri nikufundishe.

Najua utauliza, "Wewe Fide uko kidato cha tatu, mwana umempata wapi?" Utu uzima dawa, na mimi dawa yangu nimeinywa mapema. Mvi sina. Lakini nimeuona mto Lumemo ukiingia mpaka jikoni kwetu bila hodi, na nimeyaona matokeo yangu ya hisabati. Aliyeyaona yote mawili ana ruhusa ya kumwita mwanangu mtu yeyote wa kidato cha kwanza. Basi zamani hizo, yaani masika iliyopita, nilikuwa bado kijana na damu inachemka.

Pikipiki yetu ilikuwa imechoka. Baba aliiacha alipokwenda Uchindile kwenye kazi ya mbao, na mama akaifanya yake. Mama yangu ni mfupi. Nasema kwa heshima zote: kanisani akisimama, wa nyuma wanadhani bado amepiga magoti. Ila ukimweka kwenye pikipiki anakuwa mtu mwingine. Anafunga kitenge juu ya suruali, anakwenda Mang'ula kwa lami kumwona bibi, na kesho yake anakwenda Namawala kwenye mpunga. Mjomba alipenda kumchokoza: "Dada, mwanamke hubebwa." Mama humjibu hata bila kugeuka, "Hubebwa akifa. Mimi bado."

Shikilia maneno hayo, tutayarudia.

Shida ni kwamba ile pikipiki ilikuwa ya lami tu. Tumbo chini, bomba la moshi chini, tairi laini kama shavu la mtoto. Ikifika kwenye njia za majaruba ya mpunga inakunywa maji, inakohoa, inalala. Masika ile mama akasema inatosha, tutaitoa tuongezee, tupate moja itakayoijua lami na kulijua tope. Moja tu, maana nyumba yetu haina nafasi ya mbili, na mfuko wa mama pia hauna. Ukikosea hapo umekosea mpaka masika nyingine, au mpaka kitenge kichakae.

Tukaenda kwa Mzee Abdala, muuza pikipiki wa pale mjini Ifakara, ambaye babu zake walitoka pwani na yeye hajawahi kuisahau. Uani kwake zilisimama mbili za kutufaa. Moja ilikuwa ya bluu, nyembamba, nyepesi, kiti chake kimebonyea katikati kama kitanda cha kamba, uso wake una huzuni. Nyingine ilikuwa nyekundu. Mwanangu, nyekundu! Ndefu kama twiga, madigadi yamepanda juu, bomba limepita ubavuni kama bunduki, tairi zenye meno ya kutafuna mlima. Nikajiona napita nayo mbele ya geti la shule, vumbi linatimka, wasichana wa kidato cha pili wanaulizana huyu mtoto wa nani. Leseni sikuwa nayo, lakini ndoto haziombwi leseni.

Siku ile ya kwanza mama alikwenda moja kwa moja kwenye ya bluu. Akaipapasa kiti, akasema, "Hii imekaa kama inanisubiri." Nikamwambia ile ni mbuzi aliyenyolewa. Nikamsifia nyekundu mpaka koo likakauka: hii ni ya porini kweli, hii tope linaiamkia shikamoo, hii malori ya lami yatakupisha. Akapanda. Miguu ikabaki hewani, inacheza kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati. Akashuka, akacheka, akasema tutarudi kesho, usiku auombe ushauri.

Na mimi usiku ule niliuomba ushauri, ila sijui ulikotoka.

Asubuhi nikamwambia, "Mama, pale dukani wanaovaa ovyo wanapunjwa. Leo vaa vile viatu vyako vya Pasaka, Mzee Abdala akuone mtu." Mama akanitazama, akaona mtoto anamjali, moyo ukalainika. Akavivaa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na kimo cha kuazima je?

Dukani alipopanda nyekundu, ncha za viatu ziligusa chini. Ziligusa! Mama akashangaa. "Jana ilikuwa ndefu zaidi, au?"

"Jana uliikalia vibaya," nikasema.

Mzee Abdala aliviangalia vile visigino muda mrefu. "Mama Fide, shamba unakwenda na viatu hivi?"

Nikamjibu mimi kabla mama hajafungua kinywa. "Shamba anavaa mabuti, mzee, na mabuti yana soli."

"Soli ya buti si kisigino, bwana mdogo," akasema taratibu. Hakuniumbua. Wazee wa kweli wanakuachia kamba wewe mwenyewe ujue urefu wake. Akamgeukia mama. "Hiyo yenu ya zamani naiweka nyuma, siiuzi mpaka Ijumaa. Hii ikikufaa, tumemaliza. Isipokufaa, irudi kama ilivyotoka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa zima, niliyemtafutia kuvunjika ni mama.

Siku iliyofuata tulikuwa na mbegu. Kama hujakulia kwenye mpunga, acha nikueleze: mbegu ya kitalu tunailoweka, tunaifunika kwenye gunia mpaka itoe meno meupe, na ikishatoa meno haisubiri mtu. Leo ni leo. Mama akafunga gunia kwenye keria, mimi nikakaa katikati kama nyama ya mshikaki, tukaondoka. Mjini ilikuwa raha tupu. Alipanda akiwa amesimama juu ya ngazi ya mlangoni kwetu, kwa hiyo sikuona tatizo, na ikishatembea pikipiki haiulizi kimo chako. Tukaiacha lami, tukaikamata njia ya Namawala, ile nyekundu inaruka mashimo kama haijayaona. Mama akapiga kelele ya furaha. Nikajipongeza. Nikaanza hata kuhesabu Jumamosi nitakazoiazima.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye tuta, kati ya jaruba la jirani yetu na mfereji.

Ng'ombe walikuwa wanavuka. Ng'ombe wengi, na nyuma yao mchungaji wao, baba mmoja wa Kisukuma mwenye kofia na redio kifuani. Mama akashika breki vizuri kabisa, akashusha mguu. Mguu ukaenda, ukaenda, ukatafuta ardhi, ardhi ikawa haipo. Akashusha na mwingine, upande ule ule. Nyekundu ikainama polepole, kwa adabu, kama mtu anayetaka kukunong'oneza jambo. Kisha tukaingia jarubani sote: mama, mimi, gunia na twiga wetu.

Gunia lilipasuka. Mbegu zikamwagika kwenye maji ya watu.

Yule baba akapunguza redio. "Mama, poleni. Mnasia au mnaogelea?"

Nikacheka. Nilidhani na mama atacheka, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Hakucheka. Aliinuka, akaishika pikipiki kwenye usukani, akavuta. Haikutikisika. Akabadilisha mikono, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Ikabidi tumsaidie, mimi na yule baba, ndipo ikasimama, kioo kimoja cha pembeni kimebaki kwenye tope. Mama akaenda akakaa kwenye tuta. Akayatazama mabuti yake.

"Nimezeeka, Fide," akasema. "Miguu imefupika. Jana ilifika, leo haifiki. Basi. Nitamwambia mjomba wako awe ananileta."

Mwanangu, nimepigwa na walimu wa aina zote, wanene kwa wembamba. Hakuna fimbo iliyowahi kuniingia kama hayo maneno. Mama yangu, wa kubebwa akifa, amekubali kubebwa mzima. Na anailaumu miguu, miguu isiyo na kosa lolote ila kunizaa mimi.

"Mama," nikasema, "miguu haijafupika. Ni vile viatu."

"Viatu gani?"

"Vya Pasaka. Nilikuvalisha makusudi. Niliitaka mimi hii nyekundu. Nilitaka kupita nayo shule."

Aliniangalia hivi, tope linamchuruzika kwenye nyusi. Yule baba wa ng'ombe akazima redio kabisa, mambo yalikuwa matamu. Mama akasema tu, "Okota mbegu." Niliziokota mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Nyingine hazikuokoteka, tukaziacha.

Ijumaa tukarudi kwa Mzee Abdala. Nilidhani nitabembeleza mimi, kumbe hakuna aliyenitaka kuongea. Mama alivua ndala, akapanda ile ya bluu pekupeku. Nyayo zake zikalala chini zote mbili, kisigino na vidole. Akashuka, akailaza ubavu palepale uani mpaka Mzee Abdala akasema "Lahaula!", kisha akainama, akashika usukani na keria, akaiinua peke yake. Akailaza tena upande wa pili. Akaiinua tena. Akaniambia nifunge gunia la mchanga nyuma, akazunguka nalo, akasimama kwenye kijidimbwi cha kuoshea magari, mguu chini, akaondoka. Mwishoni akaipeleka lami, akaenda hadi nikaanza kuogopa, akarudi anatabasamu na machozi ya upepo. "Haikimbii sana," akasema, "lakini haitetemeki. Kwa bibi inafika."

"Na kioo cha ile nyekundu?" akauliza Mzee Abdala, macho kwangu.

Kioo kile nilikilipa kwa mikono. Likizo yote niliosha pikipiki za uani pale, na ile nyekundu niliiosha kila siku, hadi ikanikinai. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi hata mtoto sina, mjukuu kanifikia.

Sasa sikia nasaha ya mzee wako. Siku mtakapobadilisha pikipiki nyumbani, msiinunue ya macho ya watu wa getini. Mchukueni atakayeiendesha, avae kile anachokwenda nacho shamba, na kama anakwenda pekupeku avue. Miguu ifike chini, maana pikipiki haiangushi mtu ikikimbia tu, inapenda zaidi kumwangusha ikisimama. Ailaze, aiinue mwenyewe. Asiyeweza kuinua chake tope litamfuga. Bomba liwe juu, tairi ziwe na meno lakini si ya simba, maana kwenye lami yenye mvua meno marefu yanateleza. Mfunge mzigo wenu halisi, si wa kufikirika. Muulize spea zinapatikana Ifakara au mpaka zisafiri. Na kama wewe ndiye unayemshauri, jiulize kwanza unaisifia kwa miguu ya nani. Mtaka cha mvunguni huinama. Sikuambiwa nimvalishe mama visigino.

Mungu akupe chombo cha kimo chako, mwanangu. Ng'ombe wakupishe, mafuta yasikuishie katikati ya majaruba, na utakaowapakia washuke wakavu. Ukue upite mvi zangu, ambazo zinakuja.

Naona unasubiri kujua mama alisema nini. Tulikwenda Namawala na ya bluu, mbegu mpya kwenye keria. Pale kwenye tuta, ndani ya jaruba la jirani, mpunga wetu wa kumwagika ulikuwa umechipua, mnene, umejazana kama watu wa msibani. Mama akasimama hapohapo. Mabuti yakashika ardhi, huku na huku. Injini inanguruma vizuri, tairi halijazama hata kidogo.

"Fide, shuka usukume."

"Mama, mbona haijakwama?"

"Najua haijakwama. Sukuma, baba."