Mmasai wa Bibi Chausiku

Saa mbili asubuhi, kando ya stendi ya Korogwe, Koikai ana kichwa cha mtu mikononi na akili yake haipo. Vidole vinakwenda vyenyewe, vinagawa, vinasokota, vinakaza, lakini macho yako barabarani. Mteja wake, mama muuza matunda aliyekaa kwenye stuli ya plastiki, anamuuliza kwa mara ya pili kama mistari imenyooka. Anamjibu kuwa imenyooka, halafu anatazama simu tena.

Leo ni Alhamisi. Saa tatu anatakiwa awe ndani ya gari la Handeni, na akifika Handeni achukue bodaboda hadi Kang'ata. Huko ndiko alikokamatwa miezi mitatu iliyopita, akakalishwa nusu siku kwenye ofisi ya kijiji kama mwizi. Anarudi kwa sababu moja tu: yuko bibi wa miaka sabini na saba ambaye amekataa katakata kusukwa na mtu mwingine.

Koikai ana miaka thelathini na minne. Boma la baba yake liko mbugani, mbele ya Kang'ata, na kusuka alijifunzia huko huko, enzi za umorani, vijana wakisukana nywele ndefu wao kwa wao. Hakuna aliyeiita kazi. Alipofika Dar es Salaam miaka kumi na moja iliyopita alitafuta ulinzi, akakuta mageti yote yana watu. Rafiki yake Ezra, aliyekuwa akisuka wanawake Kariakoo, akamvuta. Mwezi haukuisha, naye akawa na wateja wake.

Baba yake alichukia. Mwanamume mzima, kushika vichwa vya wake za watu! Mzee alikaa mwaka mzima bila kumtafuta, mpaka hela ya dawa za ng'ombe ilipoanza kufika bomani. "Kazi haipendi, dawa anazipenda," anasema Koikai, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Huko Kariakoo alikuwa anasukia barazani kwa bibi huyo, Bibi Chausiku, Mzigua mwenye asili ya Kang'ata. Nyumba ilikuwa ile ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Marehemu mumewe, kuli wa bandarini, aliijenga kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa matofali. Bibi aliingia humo akiwa bi harusi wa miaka kumi na sita, na ukimpa nafasi atakutajia wapangaji wake wote: Mnyamwezi fundi viatu, Mpemba muuza kahawa, Dunstan karani wa Kihaya aliyekuwa akipiga pasi mpaka soksi. "Tulikuwa makabila saba na choo kimoja," anasema. "Ugomvi wetu wote ulikuwa wa choo."

Anatia chumvi kidogo, na Koikai anajua. Mjini kulikuwa na maneno, tena mengi. Majirani walinong'ona kwamba mama wa Kiislamu anachezewa nywele na mwanamume, tena Mmasai. Kwa hiyo kila Alhamisi bibi alisukiwa ndani, ukumbini, pazia limeshushwa, ili Ijumaa imkute nadhifu. Mtindo wake ulikuwa mmoja tu, twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma, bila uzi wala rasta. Na siku zile wamachinga walipokuwa wakiondolewa barabarani, Koikai alikuwa akikimbiza stuli zake ndani, naye bibi anaketi mlangoni na ungo wa mchele, anawauliza mgambo wanatafuta nini kwenye nyumba ya mjane.

Miaka miwili iliyopita watoto wa bibi waliiuza nyumba. Leo hapo pana ghorofa, chini maduka ya mabegi, na baraza hakuna. Bibi alirudishwa Kang'ata kwenye mji wa kaka yake. Koikai alijaribu Mbagala, akajaribu Gongo la Mboto, kote akakuta pana wenyewe, mwishowe akaja Korogwe apate kuwa karibu na kwao. Kariakoo siku nzuri alikuwa anaondoka na shilingi elfu sitini. Hapa akipata elfu kumi na tano anashukuru.

Lakini si hela inayomnyima usingizi. "Mjini nilikuwa Mmasai basi, kama mwingine alivyo Mchaga," anasema. "Huku mimi ni ng'ombe. Mtu akiniona tu anatazama nyuma yangu, anawatafuta."

Kosa lilikuwa lake, hakatai. Aliposikia bibi yuko Kang'ata alikwenda kama anakwenda Kariakoo: shuka, fimbo, mkoba wa vitana, akakata katikati ya mashamba, akapiga hodi. Hakupita kwa mwenyekiti wala kwa mtu yeyote. Wiki ileile ng'ombe walikuwa wamemaliza ekari mbili za mahindi. Vijana wakaona huyu ametumwa kutazama malisho. Vitana vyake vilimwagwa mezani kimoja kimoja, wakitafuta sijui nini, na akaachiwa kwa onyo asionekane tena.

Mahindi yale yalikuwa ya mtu aitwaye Mdoe, mtoto wa kaka yake bibi, ambaye ndiye anayemtunza. Ukimsikiliza Mdoe huwezi kumwona mbaya. Alivuna magunia mawili mahali alipotarajia ishirini, na mwenye ng'ombe mpaka leo hajulikani. "Sina neno na mikono yake," anasema. "Ila nikimruhusu yeye, kesho nitamzuia nani?"

Bibi alimjibu kwa kichwa chake. Tangu siku ile hakusukwa. Munira, binti wa jirani, alikuja na kitana mara tatu akafukuzwa mara tatu. Kwenye harusi ya mwezi uliopita bibi aliingia kwa wanawake wenzake, akavua khanga kichwani, nywele nyeupe zimesimama wima, akakaa mbele kabisa. Kijiji kizima kikauliza kina Mdoe wanamtunzaje shangazi yao. Wiki iliyofuata Mdoe alipiga simu Korogwe: njoo, lakini mchana, upite ofisini, bila fimbo, na uvae suruali.

Ndiyo maana saa sita Koikai anateremka kwenye bodaboda akiwa na suruali ya kijivu na shati aliloazima kwa wakala wa mabasi. Ofisini anaandikwa kwenye daftari la wageni, kilomita chache kutoka alikozaliwa. Mdoe anatangulia, yeye anafuata. Koikai anakiri baadaye kwamba alikuwa anaogopa.

Bibi Chausiku yuko ndani, mkekani. Koikai anainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Koikai, bibi."

"Koikai ninamjua mmoja, na huyo havai nguo za karani."

Koikai anamtazama Mdoe. Mdoe anatazama ukuta. Taratibu, Koikai anatoa shuka mkobani na kulifunga juu ya shati. Hapo bibi anamtuma Mdoe atoe kigoda nje, mbele ya nyumba, panapopita watu. Mdoe anajaribu kumweleza kwamba ndani kuna kivuli.

"Ndani nilikaa Kariakoo, nikiogopa midomo ya watu," bibi anasema. "Nimechoka kukaa ndani."

Basi wanakaa nje. Koikai anatia mafuta ya nazi, anagawa, anaanza upande wa kulia. Wapita njia wanasimama. Munira anakuja na wenzake wawili kutazama vidole. Bibi anaulizia watu wa mjini. Anaambiwa Mpemba wa kahawa amefariki, anainamisha kichwa, na Koikai anasubiri mpaka akiinue mwenyewe.

Mstari wa sita ukiisha, bibi anasimama na kujipangusa mapaja. Koikai anamkumbusha kwamba upande wa kushoto bado haujaguswa.

"Huo ni wa Alhamisi ijayo."

"Shangazi," anasema Mdoe, "utatembeaje hivyo?"

"Kwa miguu. Atakayeniuliza nitamleta kwako umjibu."

Anaondoka hivyo hivyo, nusu imelala, nusu imesimama, khanga mabegani, kuelekea kwa jirani mwenye mgonjwa. Mdoe anamtazama hadi anapotea, anatikisa kichwa, kisha anamsindikiza Koikai. Wakifika kwenye bodaboda anamwomba namba ya simu ya baba yake wa bomani. Kiangazi kinakuja, ng'ombe watashuka, na yeye anataka mtu wa kumpigia kabla hawajafika shambani. Koikai anamtajia, Mdoe anaiandika na kuisoma tena kwa sauti.

Njiani kurudi Korogwe, Koikai anaeleza anachotaka: siku moja kwa wiki Kang'ata, stuli mbili, mbele ya nyumba ileile, na yeye amfundishe Munira kusuka. Anaulizwa kama Alhamisi atamaliza kichwa cha bibi.

"Nitasuka," anasema. "Nitabakiza mstari mmoja."