Mashua ya Skorpevik Haichomwi Moto

Wifi yangu Gunnvor alipikia watoto wa shule niliyokuwa nikifundisha miaka ishirini na saba, na hakuna gazeti lililowahi kumtaja. Namwandika mimi, kwa sababu habari ya mashua watu wa ghuba hii wanaisimulia vibaya.

Mashua ile ya makasia manne aliiunda baba yake, mzee Anfinn Skorpevik, kwa macho tu, kama ilivyo desturi huku Hardanger, Norwei: mkuku kwanza, kisha mbao za ubavuni, na mataruma, zile mbavu za ndani, mwishoni. Mchoro hakuna. Jicho likikosea, kosa linaelea majini na kila mtu analiona. La mzee lilikosea. Ubavu mmoja uliuzidi mwingine vidole viwili, na mashua ikawa inavuta upande. Miaka hamsini watu wakasema aliiunda amelewa. Nilikaa na mkwe wangu huyo nyumba moja miaka kumi na minne. Hakuwa mlevi.

Mume wangu Torleiv alipofariki, mashua ikawa yangu. Ilikuwa imeoza. Gunnvor, mumewe Leidulf na binti yao Eldbjørg wakaiingiza katika banda lao la ufukweni. Kufufua mashua ndiyo raha ya familia ile. Kila Jumamosi wamo bandani, kahawa na mkate wa jibini ya kahawia juu ya meza ya randa, Eldbjørg amejikunja ndani ya mashua akizuia msumari, mama yake nje akigonga. Tatu walikwisha kuzifufua, mbili wameziunda upya. Hii ya mzee iliwachukua majira matatu ya baridi.

Mwezi wa Mei, Sjur, msimamizi wa moto wa Jonsok, sikukuu yetu ya Mtakatifu Yohana, alinikuta dukani. Kila Juni mashua moja kuukuu huwekwa juu ya lundo na kuchomwa.

"Mama Mwalimu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mizani, "mwaka huu tupeni ile yenu ya kilevi. Moshi wake angalau utakwenda moja kwa moja!"

Watu wakacheka. Uso ukaniwaka.

"Ichukueni," nikasema. Nilifikiri ikishakuwa majivu, hakutakuwa na la kusema tena.

Nikaenda bandani kumwambia Gunnvor. Hakuweka nyundo chini.

"Umewapa? Ya nani?"

"Ni yangu, wifi. Karatasi ninazo."

"Karatasi zako, sawa. Misumari ya shaba mia nne ni yangu. Waje waing'oe mmoja mmoja."

"Basi inyoosheni! Mbao mmeshazitoa. Punguzeni hivyo vidole viwili, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Baba alikosea, wifi. Alikosea mchana kweupe, akiwa na akili zake. Kwani wewe hujawahi kukosea?"

"Mbele za watu, hapana."

Eldbjørg akacheka kutoka ndani ya mashua. Mama yake hakucheka.

"Ukiichoma," akasema, "utakuwa umewaambia, ndiyo, alikuwa mlevi. Wewe, kwa mkono wako. Wakija na trekta watatukuta tumo ndani."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na nikabaki nimekasirika wiki nzima, kwa sababu alisema kweli. Lakini neno langu nilikuwa nimeshalitoa, na sikuwa mtu wa kulirudisha.

Siku ya Jonsok, saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu ya milima, Sjur akaja na trekta. Nikaongozana naye hadi bandani. Ndani kulikuwa kutupu. Mashua ilikuwa majini, Gunnvor na Leidulf wameshika makasia, Eldbjørg ameng'ang'ania gati. Mbao mpya zilikuwa hazijavimba, na maji yalikuwa yanaingia kila mahali.

"Mjibu mgeni wako, wifi," Gunnvor akaniambia.

Nikamgeukia Sjur. "Nilikosea kukupa. Nalirudisha neno langu. Sijawahi kufanya hivyo, kwa hiyo lisikilize vizuri."

"Inavuja hiyo, Mama! Itazame!"

"Ndiyo maana kuna upo wa kutolea maji," nikasema, na nikaingia na viatu vyangu vya kanisani.

Eldbjørg akaachia gati. Nikafua maji huku wao wakipiga makasia kukata ghuba, hadi mbele ya lundo ambako kijiji kizima kilikuwa kimesimama. Tulikwenda sawa kama uzi. Kwa ajili ya mashua hii, ukoo wa mzee wote umezoea tangu utotoni kuvuta zaidi kwa mkono wa kulia, na Leidulf alifundishwa na mkewe. Torleiv alipopiga makasia katika mashua za watu alizunguka kama bata mgonjwa.

"Mbona haivuti upande?" mtu akauliza ufukweni.

Gunnvor akasimamisha makasia. "Baba yangu aliikosea mashua hii!" akapaza sauti. "Aliikosea akiwa hajagusa hata tone! Anayebisha aje aingie aipeleke sawa, tumwone!"

Hakuna aliyekuja. Sjur, aliyekuwa amewahi kwa trekta, akaamuru waweke makasha ya samaki juu ya lundo.

Maji yalikuwa yameshanifika vifundoni, na mimi nilikuwa tayari kurudi. Gunnvor akageuza omo, pua ya mashua, kuelekea upande wa magharibi wa ghuba. Alisema watu wa kijiji cha kule hawakutuona vizuri.